Tarehe 13 Julai, pigeni santuri ya Fréhel: barua ya wazi kwa wakuu wa jiji la Paris

Kwa Meya wa Paris, Meya wa Wilaya ya 20, na makamanda wa zimamoto wa jiji hili.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi ni mtu wa mapokezi ya usiku katika hoteli ndogo ya wilaya ya 9, si mbali na mtaa wa rue Pigalle. Naingia saa nne usiku, natoka saa moja asubuhi, nakwenda kulala Belleville wakati nyinyi mnaamka. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Miaka yote niliyokaa Paris nimesoma barua zenu, zile za sentensi ndefu kama treni ya mizigo, nikazielewa na kuzijibu kwa lugha yenu. Safari hii tafuteni mkalimani nyinyi. Hamtahangaika sana, wengine wanapiga deki kwenye korido zenu kila alfajiri.

Nimekuja kwa habari ya mwanamke aliyefia hotelini. Si hotelini kwetu, msije mkatuletea wakaguzi. Alifia namba 45, rue Pigalle, tarehe 3 Februari 1951, katika chumba cha kupanga, akiwa na miaka 59. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marguerite Boulc'h. Jina la jukwaani, ambalo watu walililipia kiingilio wamsikie akiimba, lilikuwa Fréhel. Nanyi mna uwanja wenye jina hilo, pale rue de Belleville inapokutana na rue Julien-Lacroix, na mimi napita hapo nikienda kazini na nikirudi.

Nikisema uwanja, natumia neno lenu. Kwa macho yangu Place Fréhel ni pengo tu, kama la jino lililong'olewa: nyumba zilibomolewa, zikabaki kuta tupu za majirani. Kwenye ukuta mmoja msanii Ben aliweka ubao mkubwa mweusi wenye mwandiko wake mweupe, unaosema tujihadhari na maneno, na sanamu mbili za mafundi zimewekwa kana kwamba ndio kwanza wanaupandisha. Ukuta mwingine una mchoro wa Jean Le Gac wa mpelelezi. Watalii husimama pale kutwa, simu juu, wanaupiga picha ubao. Sijawahi kumwona hata mmoja akikipiga picha kibao cha jina. Jioni moja nilimuuliza kijana aliyekaa hapo na kopo lake la bia: Fréhel ni nani? Akawaza kidogo, akasema, "Jenerali, nadhani." Sikumlaumu. Mji huu umegawa mitaa kwa majenerali kama pipi za sikukuu.

Na mimi sikuwa nimemzidi kitu. Kwa miaka nilidhani ni jina la mahali tu. Tena sikukosea sana, kwa sababu huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, kuna rasi inayoitwa Cap Fréhel, na ndiko alikolitoa.

Nilimjua saa tisa usiku, nyuma ya kaunta. Wageni wamelala, mashine ya kahawa inakoroma peke yake, kwenye runinga ndogo kuna filamu ya zamani, Pépé le Moko ya Julien Duvivier, ya mwaka 1937. Jean Gabin ni jambazi aliyejichimbia kwenye Kasba, mitaa ya kale ya Algiers. Polisi hawawezi kumtoa, naye hawezi kutoka, na hamu ya Paris inamla taratibu. Humo ndani kuna mwanamke mnene wa makamo, Tania, ana macho ya mtu aliyelia zamani akamaliza. Anamwambia Gabin kwamba yeye huzuni ikimzidi huhama zama. Kisha anaweka santuri kwenye gramafoni, na anaitazama picha ya msichana mrembo iliyo ukutani. Santuri inaanza. Sauti ni yake. Na yule wa kwenye picha ni yeye mwenyewe, Fréhel wa ujana wake. Wimbo unauliza kimekwenda wapi kinu cha upepo cha uwanja wa Place Blanche, liko wapi duka la tumbaku na ile baa ya pembeni. Taratibu yule mama anaanza kuimba juu ya sauti ya santuri, sauti mbili za mtu mmoja, machozi yakimtiririka, wala hayafuti.

Simu ya chumba cha 12 ililia, nikaiacha ilie.

Bibi yangu nyumbani alikuwa na santuri zake, zile zenye picha ya mbwa, alikuwa akizipiga mchana wa jua kali akidhani sote tumelala. Kwa hiyo nilijua ninachokitazama. Asubuhi ile sikwenda kulala. Nilikaa nikamtafuta huyu Tania ni nani.

Alizaliwa hapahapa Paris, wilaya ya 17, tarehe 13 Julai 1891. Ishikeni hiyo tarehe, nitairudia. Wazazi wake walikuwa maskini wa Bretagne waliokuja mjini kama tulivyokuja wengine, kwa kusikia kuna kazi. Sehemu ya utoto wake alilelewa na bibi yake huko kwao, kisha akarudi, na inasimuliwa kwamba angali mdogo kabisa alikuwa akiimba barabarani na mzee mmoja kipofu, watu wakiwatupia senti. Alipopata kuwa kigori akawa anatembeza vipodozi mlango kwa mlango. Biashara hiyo ndiyo iliyomkutanisha na La Belle Otero, mchezaji dansi Mhispania ambaye wakati huo wanaume wa Ulaya walikuwa wakifilisika kwa ajili yake, naye akamsaidia kuingia jukwaani. Jina lake la kwanza huko lilikuwa Pervenche, ua dogo la rangi ya samawati. Fréhel likaja baadaye.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa msichana wa kutazamwa, mwenye sauti nzito iliyotangulia umri wake, na kumbi za burudani zilimgombea. Aliolewa na msanii mwenzake, Roberty. Yule akamwacha akamfuata mwimbaji Damia. Mtoto waliyempata alifariki. Akawa na mwimbaji Maurice Chevalier, bado kijana anayetafuta jina, naye akamwacha akaenda kwa Mistinguett, nyota wa kumbi za burudani, malkia wa manyoya na ngazi za jukwaani. Alijaribu kujiua. Haya nayapita mbio kwa sababu kila anayemwandika Fréhel huganda hapo, kana kwamba maisha ya mama huyu ni orodha ya wanaume waliomkimbia.

Mimi kinachonishika ni kilichofuata. Aliondoka. Saint Petersburg, Bucharest, Constantinople (Istanbul ya leo), zaidi ya miaka kumi. Vita vikaanza vikaisha, Urusi ikapinduliwa, naye yuko huko mashariki na chupa yake na unga wake wa kulevya, akiimba mahali panapomlipa. Mwaka 1923 Paris ikamwona tena. Aliyekuwa ameondoka ni msichana mwembamba wa kwenye picha, na aliyerudi ni mwanamke mnene mwenye uso uliochakaa, na hata miaka 33 alikuwa hajafika.

Nyinyi ni watu wa hapa, huenda hamlijui jambo hili. Sisi tuliotoka mbali tunalijua na linatutisha kuliko polisi wa hati: kurudi nyumbani baada ya miaka kumi huna sanduku, huna zawadi, huna sura ile waliyokuagia nayo. Nina rafiki ambaye hajarudi kwao mpaka leo kwa sababu hiyo tu. Nauli anayo. Fréhel alirudi akapanda jukwaa la Olympia, mbele ya watu walewale waliomjua alipokuwa mzuri, na akaimba. Hakujificha kwenye manyoya. Alikifanya kile kilichompata kuwa ndiyo kazi yake.

Hapo ndipo alipokuwa mkubwa. Wafaransa wana aina ya nyimbo wanazoziita za uhalisi, za watu wa chini, walevi, makahaba, wanaume wa kisu, mvua na taa ya barabarani. Wengi waliziimba wakiwa wamevaa umaskini kama vazi la jukwaani. Yeye hakuwa na haja ya kuvaa. Mwaka 1931 alirekodi La Coco, kuhusu unga wa kokeini, na kila aliyekuwa ukumbini alijua huyu hakuambiwa. Mwaka 1935 akaimba kuuliza wako wapi wapenzi wake wote. Mwaka 1938 akaimba ngome za kale za Paris, zile kuta zilizouzunguka mji mpaka zikaanza kubomolewa baada ya Vita vya Kwanza, ambako maskini wa nje ya mji walijenga vibanda vyao. Leo pale palipokuwa na kuta pamepita barabara ya mzunguko, na chini ya madaraja yake nimeona mahema ya vijana wanaozungumza lugha ninazozielewa. Hilo ni la barua nyingine, lakini siwezi kujifanya sikuliona.

Na kuna La Java bleue, ya miaka hiyohiyo, muziki wa Vincent Scotto. Java ni dansi ya mapigo matatu, ya hatua fupifupi, watu wameshikana kiasi kwamba karatasi haipiti katikati, kodiani inasukuma kama pumzi ya mtu anayepanda ngazi. Sauti ya Fréhel inaingia bila haraka. Hana mbwembwe, hapandishi sauti ili apigiwe makofi. Hata asiyejua Kifaransa anajua kwamba huyu mtu alicheza, na kwamba sasa anakaa pembeni akiwatazama wengine.

Filamu alicheza nyingi. Mwaka 1932 alikuwa na Gabin katika Cœur de Lilas, mwaka 1936 Sacha Guitry akamchukua aimbe katika Le Roman d'un tricheur. Mara nyingi walimpa kazi ileile, mama wa baa aliyepitwa na wakati. Kwa maoni yangu ya kaunta, waliompanga kwenye filamu hawakujua wana nini mkononi. Dakika chache za Tania zimenikaa kuliko Gabin, na Gabin nampenda.

Serge Gainsbourg, mtunzi na mwimbaji ambaye nyote mnamheshimu, alikulia rue Chaptal, palepale kwenye wilaya yangu ya kazi. Alipokuwa mkubwa alipenda kusimulia kwamba siku moja akiwa mtoto wa kama miaka kumi, ametoka shule na nishani ya mwanafunzi bora kifuani, Fréhel alimwona barabarani. Akampapasa kichwa, akamsifu, akampeleka kwenye mkahawa akamnunulia kinywaji cha grenadini na kitobosha cha cheri. Ninaipenda habari hii. Mlevi wa mtaa, watoto wengine labda walikuwa wakimcheka, naye alichokiona ni nishani ya mtoto.

Wageni wa hoteli yetu huniuliza karibu kila siku njia ya kwenda kwenye mkahawa wa filamu ya Amélie, rue Lepic. Ninawaonyesha. Filamu ile ya 2001 ina kipofu anayepiga santuri ndani ya kituo cha metro cha Abbesses, na sauti inayotoka ni ya Fréhel. Kwa hiyo dunia nzima imeshamsikia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia waliyemsikia ni nani.

Najua mtakalolisema: wilaya ya 20 ina mwimbaji wake, Édith Piaf. Sina ugomvi na Piaf. Hatua chache kutoka Place Fréhel, namba 72 rue de Belleville, kuna bamba linalosema alizaliwa kwenye ngazi za nyumba ile, wakati cheti chake kinasema hospitali ya Tenon. Nyote mnalijua, na bamba mmeliacha, kwa sababu watu wanaipenda hadithi. Sawa. Piaf ana uwanja wenye sanamu yake, na kaburi kwenye makaburi ya Père-Lachaise lisilokauka maua. Fréhel yuko Pantin, nje ya mji, nilikwenda siku moja ya mapumziko. Lakini Piaf alipoanza kuimba barabarani, nyimbo za Fréhel zilikuwa miongoni mwa alizoziimba. Mtoto mmemwekea sanamu, mlezi mmempa pengo la ukuta.

Sasa ombi langu. Siombi sanamu. Siombi azikwe Panthéon, kwenye jengo la mashujaa wenu, nadhani hata yeye angewacheka.

Usiku wa tarehe 13 Julai, kila mwaka, vituo vyenu vya zimamoto hufungua milango na watu wote wa Paris wanakwenda kucheza dansi. Husimuliwa kwamba desturi ilianzia Montmartre mwaka 1937, mwaka uleule Tania alipolia kwenye kioo cha sinema, na karibu na mitaa ileile aliyokuwa akiililia. Tarehe 13 Julai ndiyo siku aliyozaliwa Fréhel. Kila mwaka mji mzima unacheza usiku wa siku yake ya kuzaliwa bila kujua. Naomba hivi: saa tatu kamili usiku, kabla ya muziki wa kisasa kufunguliwa, vituo vyote vipige La Java bleue mara moja. Na Place Fréhel wekeni spika moja, iendelee kwa saa nzima, nyimbo zake tu, na mtu mmoja wa manispaa asimame pale aseme kwa maneno machache aliyekuwa na jina hilo.

Nilipopeleka wazo hili kwenye dirisha la ofisi moja, ambayo siitaji, niliambiwa mambo mawili. La kwanza, hakuna bajeti. Waheshimiwa, rekodi zenyewe ni za kabla ya Vita vya Pili, haki za mwimbaji na za kampuni ya santuri zilikwisha muda zamani. Zilizobaki ni haki za watunzi walio bado ndani ya muda wao, na kulipa Sacem, chama kinachokusanya malipo ya watunzi, mnakujua kuliko mimi. Spika zimamoto wanazo, nimezisikia mpaka chumbani kwangu ghorofa ya sita.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Bibi wa dirishani, kwa upole kabisa, aliniambia kwamba maisha ya mwimbaji huyu si mfano mzuri kwa watoto. Pombe, mnaelewa. Dawa za kulevya. Nikamwambia, bibi, nafanya kazi usiku karibu na Pigalle. Watu wanaoanguka nawaona wakianguka, mara nyingine mbele ya mlango wetu, nawafunika blanketi nikisubiri gari la wagonjwa, na wanaokuja kuwachukua ni hao zimamoto wenu. Hao vijana hawamuulizi mtu kama ni mfano mzuri kabla ya kumbeba. Akatabasamu, akapiga muhuri fomu yangu. Ni miezi kumi na moja sasa.

Naongeza jambo moja kuhusu vyumba, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wakati ule watu wengi wa Paris waliishi kwenye hoteli za kupanga, na hata sasa wapo. Sisi tunaye mmoja, mzee, wa ghorofa ya tatu. Chumba cha mtu anayeishi hotelini hukijua kwa kuingia tu: kuna jiko dogo la umeme lililofichwa kabatini kinyume cha kanuni, kuna kalenda, na daima kuna picha moja ya zamani iliyosimamishwa dhidi ya kioo. Ninapomwaza Fréhel namba 45, simwazi akiwa amekufa. Namwaza akiwa anahangaika kupata mahali pa kutundika ile picha.

Mwisho ni la kwangu binafsi. Nimesema saa tatu kamili, na naomba isichelewe. Mwezi Julai saa hiyo mwanga bado upo, ubao wa Ben utasomeka, na watu wa maduka ya rue de Belleville watakuwa bado hawajafunga. Zamu yangu inaanza saa nne. Kutoka Belleville mpaka Pigalle ni metro namba 2 moja kwa moja, vituo saba. Nikisikiliza nyimbo sita au saba, nikashuka mteremko kwa miguu, nawahi.

Wenu,
mtu wa mapokezi ya usiku, wilaya ya 9